Nani alituchagulia Kiingereza?

Kila mwaka, wakati wa kuandikishwa, wadogo zetu wenye kutoka kupata diploma ya serikali wanatuulizaga swali lilelile: "Mukubwa, nichukue seksio ya Kiingereza ao ya Kifaransa?" Wengine wanauliza kama kuko lazima ya kuhangaika na Kiingereza wakati mtu anasoma kilimo, sheria ao udaktari. Na wale wenye akili ya biashara wanauliza kama haingekuwa vizuri kuruka hapo hapo kwenye Kichina. Jibu la haraka liko: angalia soko, angalia pia mfuko wa baba. Lakini miye nilisoma historia, na mtu wa historia ukimuuliza njia anataka kwanza kujua nani aliifungua, na alikuwa anaenda wapi.

Mukiniruhusu basi, tupite kwanza kwa nyuma. Ukichunguza vizuri, hapa kwetu Butembo na Beni mwanafunzi hakupewa sana nafasi ya kuchagua lugha ya kigeni. Aliwekwa. Na mahali alipowekwa palimwonyesha tayari maisha gani yalikuwa yanamngojea.

Tuanze na wamisionari, sababu shule njo walileta. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifungua misioni ya Beni mwaka wa 1906. Mwaka wa 1929 wakafika Waasumpsio, ambao wengi wenu mungali munawafahamu mpaka leo. Dini na kusoma vilifundishwa kwa lugha za watu. Kifaransa kilikuja nyuma, na hakikupewa kila mutu. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na Mkataba wake wa Kikoloni wa mwaka 1908 wenye kutambua Kifaransa na Kiflemi, lakini huku kwetu mambo yalijipanga namna ingine. Aliyebaki na lugha ya kijiji alirudi shambani ao akawa katekista. Kiswahili kilikuwa cha kazi: barabara, mashamba ya wazungu, migodi. Ukiingia jeshi la Force Publique, Lingala. Kifaransa kilikuwa cha karani na msaidizi wa daktari. Kilatini cha seminari, yaani cha mtoto ambaye wanatumaini atakuwa padri. Munaona? Leo tunazungumzia test ya kumuweka mwanafunzi kwenye kiwango chake kama jambo jipya la wazungu wa Ulaya. Koloni ilikuwa na ya kwake tangu zamani, isipokuwa ile haikupima unajua nini. Ilipima watakutumia wapi.

Mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, aliandika mwaka wa 1986 kitabu kizima, Language and Colonial Power, juu ya namna Kiswahili cha Kongo kilivyochukuliwa na kutengenezwa ili kiwe chombo cha kutawala na cha kazi. Kama unasoma lugha na haujakisoma, kitafute. Kiko kwa Kiingereza, na jambo hilo tutalirudilia.

Kiingereza, kwa wakati ule, kilikuwa karibu kabisa lakini hakikuwa cha kwetu. Ng'ambo ya Ruwenzori, Waingereza walifungua Makerere mwaka wa 1922. Na upande huu, Waprotestanti wa Marekani walikuwa tayari ndani: Wabaptisti pale Katwa, na pale Oicha daktari Carl Becker wa Africa Inland Mission, aliyefika mwaka wa 1934 na kujenga hospitali iliyojulikana mbali. Mtoto wa Oicha angeweza kusikia Kiingereza dirishani kwa muzungu kila asubuhi. Lakini shuleni, hapana. Wabelgiji hawakupenda sana wale Waprotestanti wageni, na pesa za serikali kwa shule zao zilianza kutoka tu karibu na mwaka wa 1948. Kwa hiyo Wamarekani wenyewe njo walipaswa kupitia Ubelgiji kwanza, wakae benchi, wajifunze Kifaransa, kisha wapande meli. Miye jambo hilo linanichekeshaga. Watu wa kwanza huku kwetu kuwekwa kwa nguvu katika kozi ya lugha ya kigeni walikuwa wazungu.

Vyuo vikuu vilikuja kwa kuchelewa na mbali: Lovanium pale Kinshasa mwaka wa 1954, kile cha Élisabethville mwaka wa 1956, kisha mwaka wa 1963 Waprotestanti wakafungua chao Kisangani. Mwaka wa 1971 Mobutu akavikusanya vyote vitatu na taasisi za juu kuwa kitu kimoja, UNAZA. Wazee wetu waliosoma wakati ule wanajua maana yake. Fakulte ziligawanywa kwa miji. Barua, yaani lugha, fasihi na historia, zikapelekwa Lubumbashi. Kijana wa Butembo mwenye kupenda Kiingereza kwa digrii kamili alipaswa kwenda mpaka Katanga, upande mwingine wa nchi. Tafakari safari ile, mzazi akiwa muuza viazi wa Lubero. Mwenye kushindwa alijaribu ISP, mashule ya juu ya kutengeneza walimu, kama ile ya Bukavu.

Na kwenye ISP njo ilizaliwa chaguo ambalo wadogo zetu wanatuuliza mpaka leo. Upande mmoja "Anglais – Culture Africaine". Upande mwingine "Français – Langues Africaines". Angalieni majina hayo polepole. Kiingereza hakikuachwa kitembee peke yake, kilifungiwa pamoja na utamaduni wa Afrika. Kifaransa nacho kikafungiwa pamoja na lugha zetu. Miye naona ndani yake harufu ya ile authenticité ya Mobutu. Ilikuwa pia miaka ambapo wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi, mwaka wa 1974, wakaomba lugha za taifa zipewe nafasi yake shuleni. Wazo halikuwa baya hata kidogo. Lakini wengi waliingia seksio ile ya pili kwa sababu ya Kifaransa, wakapita kwenye lugha za Afrika kama mtu anayepita uwanja wa jirani kwa kufupisha njia. Kiswahili ao Kinande kilikuwa kozi ya kupata alama, si kazi ya maisha. Mutaona mwishoni kwa nini nasema jambo hilo linatuuma leo.

Wakati huohuo Kiingereza kiliingia sekondari kwa nchi nzima, kikapata nafasi yake kwenye siku ya lugha ya Exetat, pamoja na Kifaransa. Kwa karatasi, basi, kila mwenye diploma ya serikali amesoma Kiingereza miaka kadhaa. Kwa karatasi! Kila mmoja wetu anajua ilikuwaje: mwalimu mmoja, hakuna kitabu, watoto wanaandika ubaoni kile hawawezi kutamka.

UNAZA ilivunjwa mwaka wa 1981. Mwaka wa 1989 Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, akafungua Chuo Kikuu Katoliki cha Graben hapa Butembo, mojawapo ya vyuo vikuu binafsi vya kwanza vya nchi. Kwa wale wenye hawakujua: ndiye yuleyule aliyepelekwa baadaye kuwa askofu mkuu wa Bukavu, waasi wakamfukuza mwaka wa 2000 na kumrudisha Butembo kama mfungwa bila gereza, akafa Roma mwezi wa kumi mwaka ule ule. Graben ilibadilisha kitu kikubwa. Mtoto wa mkulima aliweza kusoma udaktari akilala kwao. Lugha ya masomo ilikuwa Kifaransa, na ilieleweka: sheria za nchi ni kwa Kifaransa, maprofesa walitoka Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani ao Ulaya ya Wafaransa na Wabelgiji. Kiingereza kilibaki saa chache ndani ya programu, kozi ya kusindikiza.

Lakini tukisema ukweli, mji wenyewe ulikuwa umeshachagua bila kungoja maprofesa. Wafanyabiashara wetu, wengi wao bila diploma, walikuwa wanapeleka kahawa, papaini na dhahabu upande wa Uganda, wanarudi na bidhaa kutoka Kampala, Nairobi na Mombasa. Kisha Dubai. Kisha Guangzhou. Hakuna aliyewauliza wako kiwango gani. Walijifunza namba kwanza, kisha majina ya bidhaa, kisha namna ya kukataa bei. Kiingereza cha kontena, si cha Shakespeare, lakini kililipa ada za wengi wetu tunaosoma hapa. Kwangu miye hiyo njo kozi ya lugha ya kigeni iliyofaulu kuliko zote katika historia ya mji huu, na haikuandikwa kwenye silabi yoyote.

Vita navyo vikaleta Kiingereza cha aina ingine. Tangu 1998 mpaka 2003 eneo la Beni na Butembo lilikuwa mikononi mwa waasi waliosaidiwa na Uganda. (Kiongozi wa kwanza wa uasi ule, Wamba dia Wamba, alikuwa profesa wa historia Dar es Salaam. Siye watu wa historia hatusifiwi sana kwa jambo hilo.) Askari wa Uganda walizungumza na watu kwa Kiswahili na Kiingereza. Vijana waliojua maneno matatu wakawa wakalimani, na mkalimani wakati wa vita ni mutu wa kuogopa na wa kuogopwa. Baadaye ikaja MONUC, kisha MONUSCO, na tangu 2013 ile brigade yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wengi wakiwa kambini Beni. Matangazo ya kazi yakaanza kubandikwa: mlinzi, dereva, msaidizi wa lugha. Chini ya kila tangazo, sharti moja lenye kurudilia. Kiingereza.

Mwaka wa 2007 chuo kimoja kikaamua kuligusa jambo hili waziwazi hata kwenye jina lake: Université Chrétienne Bilingue du Congo, UCBC, pale Beni. Mwanzilishi wake, David Kasali, alikuwa ameongoza shule ya juu ya teolojia Nairobi kabla ya kurudi nyumbani. Kifaransa na Kiingereza, vyote viwili, kama lugha za masomo. Munaweza kukubaliana na njia yao ao kutokukubaliana, lakini angalieni tofauti: huko Kiingereza hakikuwekwa pembeni ya programu, kiliwekwa chini kama msingi. Na yule anayejiandikisha pale anajua tangu siku ya kwanza anaingia wapi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwangu, linaonyesha vizuri zaidi uzito wa mambo haya. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni. Ilimalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Tuliwazika majirani, hatuna haja ya kuambiwa. Lakini fikirini juu ya lugha. Mabango yaliandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, na watafiti wa Translators without Borders wakaonyesha kwamba watu hawakuvielewa vizuri: walitaka Kiswahili cha hapa na lugha zao. Ngambo ingine, ripoti na mikutano ya wakubwa vilikuwa na Kiingereza mingi. Katikati ya hao wawili kulikuwa siye wahitimu. Aliyeweza kutoka Kinande kwenda Kiswahili, Kifaransa, kisha Kiingereza, alikuwa na kazi kesho yake. Na aliyekuwa na udaktari bila Kiingereza alibeba chupa za klorini nyuma ya mgeni. Nilishuhudia. Ilizaa pia wivu na hasira, na hasira ile haikuwa ya lugha peke yake, lakini lugha ilikuwa ndani.

Kuko zaidi. Kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilifanywa majaribio ya dawa nne za Ebola, yale yenye kuitwa PALM. Wagonjwa 681 waliingizwa. Mwezi wa nane 2019 dawa mbili zilionekana kuokoa watu zaidi, mAb114 na REGN-EB3, na ile ya kwanza ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Hii ni mojawapo ya kurasa kubwa za historia ya udaktari wa Afrika, na iliandikwa kwa miili ya watu wetu. Matokeo yalitoka mwaka ule ule katika New England Journal of Medicine. Kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa udaktari wa Butembo anayetaka kusoma yaliyotokea mtaani kwake, kilomita mbili kutoka chumba chake, anapaswa kuwa na Kiingereza cha kutosha kusoma kurasa zile bila kuomba mtu. Wangapi wanaweza?

Na hapa niseme kile kinanikera. Pale nilisoma (sitataja chuo, na wengi wenu mutajitambua hata kama mulisoma pengine) kozi ya Kiingereza ya G1 ilikusanya promosio nzima katika oditwari moja. Kulikuwa kijana aliyemaliza sekondari Kasese, anaongea Kiingereza kama maji. Kulikuwa dada aliyetoka Mangurujipa, ambaye mwalimu wake wa Kiingereza alikimbia vita akiwa darasa la tatu la sekondari na hakuna aliyemrudilia nafasi. Wote wawili silabi moja, kuanzia "to be". Kijana wa Kasese alilala, akapata 17 juu ya 20. Dada alikesha na mushumaa, akapata 8, akabeba deni la kozi mpaka mwaka wenye kufuata. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejifunza kitu. Alama zilipima mahali walizaliwa.

Dawa yake haiombi pesa za Banki ya Dunia. Ni mtihani mfupi wa kuingilia, dakika 40, kisha makundi matatu: wenye kuanza, wenye kutambaa, wenye kutembea. Ulaya walikuwa na ngazi zao sita, A1 mpaka C2, zilizochapishwa tangu 2001, na mtu yeyote anaweza kuzifuata bila kulipa. Wataniambia walimu hawatoshi. Kweli. Lakini wanafunzi 300 wakigawanywa kwa kiwango, mwalimu yuleyule kwa saa zilezile anaweza kuwaachilia wale wenye kutembea wasome makala za fakulte yao na kumletea muhtasari, akabaki na wale wenye kumuhitaji. Kijana wa Kasese apewe PALM aisome na kuwaelezea wenzake kwa Kiswahili. Hapo angeamka.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeleta LMD kwa vyuo vyote, na graduat yetu ya zamani inaondoka. Kwa karatasi, mfumo huo unaruhusu mwanafunzi kuwa na sehemu ya masomo anayojichagulia mwenyewe, na kuhesabiwa kwa kredi anazozipata, si kwa mwaka mzima wa kupita ao kuanguka. Nayo sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema lugha za kigeni zinazofundishwa ziwe zile zenye uzito katika uhusiano wetu wa uchumi, siasa na diplomasia. Soma hiyo ukiwa Butembo. Uchumi wetu unapita Kasindi. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, mahali ambapo Kiingereza kinatawala kwenye meza za mkutano. Kwa hiyo kwa yule mdogo anayeuliza kama mwanafunzi wa kilimo anahitaji Kiingereza: ndiyo, na usingoje chuo kikupangie. Jipime, jua uko wapi, anzia pale. Kwa yule wa Kichina: vizuri sana, lakini wale wanaofanya biashara na Guangzhou walianza na Kiingereza, na Makerere wana Taasisi ya Confucius tangu 2014 ambayo utasomeshwa ndani yake kwa... Kiingereza.

Kwa yule wa kwanza, anayesita kati ya seksio mbili, nina neno ambalo pengine hakulitarajia. Asikimbie "Français – Langues Africaines" haraka. Mwezi wa saba 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima kwenye shule za msingi na sekondari. Nchi nzima ambayo ilikiogopa Kiswahili miaka mingi kama lugha ya askari na wezi sasa inapaswa kupata walimu wake. Kiswahili chetu cha hapa hakitatosha jinsi kilivyo, hata Watanzania wa MONUSCO walikuwa wanatucheka sokoni Beni. Kinaomba kusafishwa: sarufi, maandishi, fasihi, namna ya kufundisha. Ni kazi ya miaka miwili, mitatu, kwa mtu ambaye tayari anakiota usiku. Mganda wa Mbarara anaanza na sifuri.

Kwa lugha zingine zote siye njo tunakuwaga wanafunzi. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilomita karibu 80, na ng'ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe, Bwera, kisha Kasese, shule baada ya shule, watoto wenye kuongea Lukonzo, ambayo ni Kinande kwa jina lingine. Ningependa kujua mwaka huu ni wangapi katika seksio ile wameambiwa jambo hilo na walimu wao.